Nyuzi Mbili Zilizopotea

Gerezani, nyuma ya duka la mabomba,
Mwarami alikuwa ameliegemeza kwenye jokofu lisilo na mlango.
Gitaa jekundu, wekundu wa chai ya rangi,
shingo ndefu kuliko subira yangu.
"Laki mbili," akasema. "Bei yake laki tatu,
ila nyuzi zake mbili zimepotea kwenye kontena.
Sikufichi. Mimi na wateja wangu hatufichani."

Nikahesabu masikio kichwani mwake: manne.
Nikahesabu matundu: manne.
Hizo mbili hazijapata kuzaliwa.
Nikafungua mdomo,
nikaufunga,
nikahesabu noti.

Chumba changu kiko Mtoni, kwa nyuma.
Amplifaya sina. Nina sabufa
ya kusikilizia mpira na vifo vya redioni.
Nikachomeka. Nikaugusa uzi mnene kuliko wote,
kwa dole gumba, kwa adabu:
vikombe kabatini vikagongana meno,
na Mama Shemsa wa chumba cha pili akapiga ukuta,
"Hilo lori linageuzia wapi?"

Siku ya tatu koni ikachanika.
Besi ikawa mtu anayekohoa ndani ya debe.

Kondo ana kibanda Tandika,
kati ya kinyozi na muuza mihogo.
Alilichungulia shingo kwa jicho moja
kama anayechagua ubao wa kitanda.
"Limepinda. Limesafiri limelala vibaya."
Akatia ufunguo, akazungusha robo, akangoja.
Akanunua kahawa. Akazungusha robo.
Nikamwambia nina onyesho Jumamosi.
Akanyoosha kidole ukutani:
shingo ya gitaa jingine, imevunjika,
anatundikia funguo.
"Mwenye hilo naye alikuwa na onyesho."

Nikanyamaza. Nimezoea.

Akafungua tumbo. Ndani, waya uliokatika,
kibanio cha nywele cha mwanamke nisiyemjua,
vumbi la nchi ambayo haina vumbi letu.
Umeme ukakatika, lehemu ikiwa nusu,
naye hakutukana mtu:
alimalizia kiungo cha mwisho
kwa joto lililobaki kwenye chuma.

Koni alitaka kitambaa chepesi, cha pamba.
Sikuwa nacho. Akavuta kipande cha kanga alichofutia mikono,
akanusa, akakata duara, akapaka gundi.
"Ya mke wangu," akasema. "Hajaiulizia."
Jina la kanga lilikuwa refu, bila shaka la kumsema jirani,
lakini juu ya koni limebaki neno moja: KIMYA.
Kila nikipiga chini kabisa,
KIMYA inatetemeka mpaka haisomeki.

Jumamosi, ukumbini, mpiga solo alitunzwa.
Noti zilimganda pajini kama majani ya mvua.
Kwangu hakufika mtu,
na sikutegemea: nani aliwahi kusifia msingi wa nyumba
wakati dirisha lina pazia jipya?
Ila katikati ya wimbo wa nne plagi yangu ilichomoka,
sekunde sita, labda saba,
na watu wazima, waliokuja na viatu vya kazi hiyo,
wakaanza kutazama miguu yao
kana kwamba wameazimwa.

Jumatatu nikarudi Gerezani.
Mfukoni elfu hamsini, nimeikunja mara nne.
Mwarami alikuwa anamuuzia mtu pasi isiyo na waya.
Akaniona kabla sijajipanga:
"Bwana gitaa! Zile mbili, umezipata?"
Nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa nimeyapanga njiani,
kuanzia Mtoni hadi reli.
"Bado," nikasema.
"Usinunue. Kontena linaingia mwisho wa mwezi,
nitakutafutia mwenyewe, nilikuuzia kitu pungufu."

Akachukua chaki.
Ukutani, chini ya madeni anayodai,
akachora mstari, na chini ya mstari,
peke yake, deni analodaiwa:
nyuzi 2, bwana gitaa.